Maswali naulizwa kila siku kuhusu OS, na vile waweza kujifunza misingi yake

Mi nakaa Kisauni, Mombasa, na jioni nafundisha vijana kompyuta kwenye chumba kimoja chenye laptopu saba za mitumba na feni moja. Kila kundi jipya likija maswali ni yaleyale, na mengine naulizwa hata barazani nikinywa kahawa, sa nimeona niyaandike hapa mtu asome kwa raha zake. Nimejibu vile najibu kwa mdomo.

OS ni kitu gani hasa? Si ni Windows tu?

Windows ni moja kati ya nyingi. OS, yani mfumo endeshi, ni ile programu iliyokaa katikati ya vyuma vya mashine na programu zako zingine zote. Prosesa (ile chipu inayofanya kazi), RAM (memori ya muda), diski, kibodi, skrini, hivo ni vyuma na havijui wewe wataka nini. Programu yako ya kuandikia barua nayo haijui diski yako ni ya kampuni gani wala inazunguka au haizunguki. Anayejua pande zote mbili ni OS. Android ni OS, iOS ni OS, macOS ni OS, Linux ni OS.

Tazama kitu kidogo tu, wewe kubonyeza herufi moja. Umebonyeza "a". Kibodi inapeleka ishara, prosesa inakatizwa kazi ilokuwa ikifanya hapohapo (hii ndo huitwa intarapti), inaruka kwenda kwa kipande cha OS kinachojua mambo ya kibodi, kile kipande kinasoma namba ya kitufe, OS inaangalia ni dirisha gani liko mbele sasa hivi, inalipa lile dirisha ile herufi, programu inaamua "a" ikae wapi, halafu inarudi tena kwa OS kuomba ichorewe kwenye skrini. Safari yote hio ishakwisha kabla kidole chako hakijainuka. Na ikikwama popote pale njiani, we waona tu "laptopu imeganda".

Najua Word na Excel vizuri, bado nahitaji haya?

Kama kazi yako ni kuandika barua na kupiga hesabu za duka, la, endelea na shughuli zako, hujakosea. Lakini kama wataka kuwa fundi, au programa, au mtu wa kutunza seva na netiweki, basi huwezi kulikwepa hili, maanake menyu zabadilika. Mwaka 2012 Windows 8 ilitoka bila kile kitufe cha Start, na watu walioshika kompyuta miaka kumi wakawa wanauliza mashine inazimwa vipi, mwaka uliofuata kikarudishwa kwenye 8.1. Chini ya zile menyu hakikubadilika kitu cha maana. Prosesi, memori, faili, ruhusa, haya mawazo Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa nayo kwenye maabara ya Bell Labs kule Marekani walipoanza OS inaitwa Unix mwaka 1969, na ndo hayohayo yako kwenye simu uliyoshika sasa. Mi wanafunzi wangu nawasomesha haya kwanza, menyu watazikuta wenyewe.

Kerneli ni nini, na yatofautiana vipi na OS?

Kerneli ni kiini cha OS, ile sehemu yenye ruhusa ya kugusa vyuma moja kwa moja. Prosesa yenyewe ina hali mbili za kufanyia kazi, hali ya kerneli ambayo kila kitu chawezekana, na hali ya mtumiaji ambayo mambo mengi yamefungwa. Programu zako zote ziko hali ya mtumiaji. Zikitaka kusoma faili zaomba, na hilo ombi huitwa sistemu kolu, kerneli inaangalia kama una ruhusa, inakufanyia, inakurudishia jibu.

Hii ndo sababu kivinjari kikifa laptopu inabaki hai. Lakini draiva mbovu (kile kipande cha programu kinachoendesha chuma kimoja) iliyo ndani ya kerneli ikikosea, mashine nzima inaanguka na wapata ile skrini ya buluu.

Laptopu yangu inapiga muziki, inadaunlodi na mi naandika, vyote kwa wakati mmoja. Inawezaje?

Prosesa moja, kiini kimoja, chafanya kazi moja kwa wakati mmoja. Laptopu nyingi sasa zina viini vinne au vinane, lakini fungua Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja) utakuta prosesi mia na zaidi. Sasa nne zitawatosha vipi mia?

Nenda Mji wa Kale baada ya alasiri umtazame muuza kahawa na dele lake. Watu barazani ni kumi na mbili, dele ni moja. Hamsubirishi mtu mpaka wa kwanza ashibe, anamimina kikombe kidogo kwa huyu, aenda kwa yule, azunguka, akirudi kwa wa kwanza kikombe kishakuwa kitupu, anamimina tena. Kila mtu pale anaona anahudumiwa yeye. Ndo hivo. OS inaipa kila prosesi milisekunde chache, inaisimamisha, inaandika pembeni ilikuwa imefika wapi, inampa mwengine. Kile kipande cha kerneli kinachoamua nani afuate mi hukiita mpangaji zamu.

Kuna mambo mawili hapa wengi huyasahau. La kwanza, ule usimamishaji na uandikaji una gharama yake, kama vile muuza kahawa atumia muda kutembea. Ukifanya zamu fupi sana, muda wote unaishia kutembea. La pili, si wote huwa na haraka sawa. Sauti ya muziki ikichelewa hata kidogo sikio lasikia, lakini faili unayodaunlodi ikingoja kidogo hujui. Mpangaji zamu mzuri huwatambua hao wawili.

Na programu na prosesi si kitu kimoja, hili pia naulizwa. Programu ni zile maandishi zilizolala kwenye diski. Prosesi ni ile programu ikiwa yafanya kazi, na memori yake na hali yake. Programu moja yaweza kuwa prosesi ishirini, tazama kivinjari chako tu.

Kwa nini nikifungua tabu nyingi mashine inakuwa nzito ghafla, si polepole?

Swali zuri sana, na hilo neno "ghafla" ndo penyewe.

Chukua duka la leso pale Biashara Street. Mbele kuna shelfu, nyuma kuna stoo. Shelfu ni RAM, stoo ni diski. Madhali leso anazotaka mteja ziko kwenye shelfu, kazi yaenda. Shelfu likijaa, mwenye duka achukua zile hazijaulizwa muda mrefu azirudishe stoo, apate nafasi. OS yafanya vivo hivo, inakata memori vipande vidogo, kwa kawaida baiti 4,096 kila kimoja, vinaitwa kurasa, na kurasa zisizotumika inazihamishia kwenye diski. Kila prosesi inadhani ina memori yake peke yake tena imepangika vizuri, kumbe kurasa zake zimetawanyika huku na kule na zingine haziko RAM kabisa. Hii ndo memori pepe.

Shida inaanza pale kila mteja anapouliza leso iliyo stoo, na ili uilete lazima urudishe nyingine ambayo mteja anayefuata ndo anaitaka. Sasa mwenye duka hauzi tena, ashinda akitembea tu. Diski ya kuzunguka ni polepole kuliko RAM kama mara laki moja hivi, kwa hivo hakuna kushuka taratibu, unavuka mstari na mashine inasimama. Ukisikia diski inakwaruza bila kunyamaza na mausi haisogei, ndo hapo.

Dawa ya haraka ni kufunga vitu, na ikiwezekana kuongeza RAM. Dawa ya pili ni kutoa diski ya kuzunguka uweke SSD (diski isiyozunguka, ya haraka zaidi), hii kwa laptopu za mitumba nimeiona ikibadilisha mashine ambayo mwenyewe alikuwa ashakata tamaa nayo.

Flashi yangu ni ya GB 32, iko tupu, lakini yakataa kupokea filamu ya GB 5. Imeharibika?

Haijaharibika. Imefomatiwa kwa FAT32 (mtindo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski), na FAT32 huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32 tu, sasa namba kubwa inayoingia hapo ni GB 4 kasoro baiti moja. Nafasi ipo, ila hakuna pa kuandika hio namba. Kopi vitu vyako pembeni kwanza, halafu uifomati upya kwa exFAT, mtindo mwingine usio na kikomo hicho. Nasema tena, kopi kwanza.

Kuna haja kweli ya ile "Eject" kabla ya kuchomoa flashi?

Ipo. Ntawaambia kilichonipata mimi. Harusi ya dadangu, picha zote nilizikopi kwenye flashi usiku nizipeleke studio asubuhi zichapwe. Nikaona mstari umefika mwisho, nikachomoa, nikalala. Asubuhi studio kufungua, za mwanzo ziko sawa, za kupambwa bibi harusi mpaka za jioni hazifunguki, jina la faili lipo, ndani hamna kitu. Na kadi ya kamera nilikuwa nishaifuta. Mama yangu mpaka leo akiziuliza zile picha nanyamaza.

Kilichotokea ni hivi. Flashi ni polepole, kwa hivo OS ikiambiwa iandike huweka kwanza kwenye RAM, yakwambia tayari, halafu inaendelea kumwagia flashi kwa wakati wake. Ule mstari unaouona ni wa kuingia RAM. "Eject" maana yake ni kumwambia OS amwage kilichobaki sasa hivi kisha aniruhusu. Windows 10 tangu 2018 imepunguza tabia hii kwa flashi, lakini Linux bado yafanya sana, kwa hivo mwanangu, subiri.

Stima ikipotea ghafla, faili zangu ziko hatarini?

Kile hukusevu kimekwenda, hilo hakuna njia. Lakini diski yenyewe siku hizi imelindwa zaidi kuliko zamani. Mifumo ya faili kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux huandika kwanza kwenye daftari pembeni "nataka kubadilisha hiki na hiki", kisha ndo yabadilisha. Stima ikirudi yasoma lile daftari, ilichoanza bila kumaliza inakimaliza au inakifuta. FAT32 haina daftari hilo. Kama huku kwetu mvua ya masika ikianza, we chukulia stima itapotea, sevu mara kwa mara.

Nikifuta faili inakwenda wapi? Yaweza kurudi?

Haiendi popote mwanzoni. OS inafuta jina kwenye orodha na kuandika kwamba zile sehemu za diski ziko huru, yaliyomo yenyewe yamelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndo maana ukifuta kwa makosa jambo la kwanza ni kuacha kutumia ile diski kabisa, usiinstoli hata hio programu ya kurudishia ndani yake. Kwa SSD bahati ni ndogo zaidi, kwa sababu OS huiambia diski sehemu zipi hazihitajiki tena na diski huzisafisha yenyewe.

Na ukipeleka laptopu kwa fundi, mwambie waziwazi kama data yataka kubaki. Kijana wangu mmoja alipeleka mashine iliyokataa kuwaka, akarudishiwa ikiwaka vizuri, safi, na mradi wake wa chuo wa miezi minne haumo. Mashine ilikuwa imekosa faili moja tu ya kuanzia. Ingetosha kuitengeneza ile, si kufomati diski nzima.

Tarehe yajirudisha nyuma kila nikiwasha, na saiti zakataa kufunguka. Ni virusi?

Si virusi. Kuna betri ndogo ya duara kwenye ubao wa mashine, mara nyingi CR2032, inayoweka saa ikitembea laptopu ikiwa imezimwa. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka. Sasa kila saiti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kivinjari chako kikiamini ni miaka kumi iliyopita kinaona cheti hakijaanza, chakataa. Badilisha betri.

Hapohapo ujue kitu kizuri, mashine za familia ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zile za zamani zilizotumia biti 32 namba itazijaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.

Dedloku ni nini? Nimeisoma mara tatu sijaielewa.

Hamali wawili na mikokoteni yao wameingia kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, mmoja huku mmoja kule, wakakutana katikati. Hakuna nafasi ya kupishana, hakuna wa kurudi nyuma, kila mmoja anangoja mwenzake. Watangoja mpaka kesho. Kwenye kompyuta hamali ni prosesi, na kichochoro ni vitu wanavyogombania, kama faili au printa.

Ili wakwame hivo lazima mambo manne yawepo pamoja. Njia iwe ya mmoja tu, kila mmoja ashike sehemu yake huku akitaka ya mwenzake, asiwepo wa kumnyang'anya kwa nguvu, na kungojana kuwe kwa mzunguko. Vunja moja tu kati ya hayo na mkwamo haupo tena. Ukisema kichochoro hiki ni cha kwenda upande mmoja tu umevunja mzunguko, na hii ndo njia maprograma hutumia zaidi, wanapanga kila mtu achukue vitu kwa mpangilio mmoja.

Ina ndugu yake nyingine napenda kuisimulia. Mwaka 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua sayari ya Mirihi kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Kazi ndogo (ndogo kwa maana ya isiyo na haraka) ya mambo ya hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli, yani ruhusa ya kutumia kitu ambacho ni cha mmoja kwa wakati, kazi kubwa ikaitaka ileile kufuli ikawa yangoja, na kazi ya kati ikaingia ikala zamu yote hivo ile ndogo haipati nafasi ya kumaliza iachilie. Mlinzi wa ndani akiona kazi kubwa haijafanyika, awasha upya mashine nzima. Wakarekebisha kutoka huku duniani, wakaruhusu aliyeshika kufuli aazimwe ukubwa wa yule anayemngoja. Mambo ya zamu na kufuli, yaleyale ya darasani.

Nianze na Windows au Linux?

Tumia ulicho nacho ila ujifunzie kwa Linux. Sababu si kwamba Windows ni mbaya, ni kwamba Linux haikufichi. Linus Torvalds aliianza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Ufini, na kodi yake yote (yale maandishi ya programu yenyewe) iko wazi mpaka leo, ukitaka kujua mpangaji zamu anaamuaje waweza kwenda kusoma. Ubuntu, aina moja ya Linux, yafaa kuanzia, na jina lake latoka lugha za ndugu zetu wa kusini mwa Afrika, ni ule utu wetu. Usifute Windows yako, weka Linux ndani ya VirtualBox (programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), ukiiharibu wafuta na kuanza upya, na kuiharibu ni sehemu ya kusoma.

Laptopu yangu ni ya zamani, naambiwa Windows 10 imekwisha.

Microsoft iliacha kuipa apdeti zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado yawaka, ila kwa kawaida matundu mapya ya usalama hayazibwi tena. Windows 11 yataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kijichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho laptopu nyingi za mitumba hazina. Usikimbilie kuitupa. Weka Linux nyepesi kama Lubuntu au Xubuntu, zile zangu saba ndo zinaendeshwa hivo.

Sina laptopu, nina simu tu. Nitaweza?

Utaanza vizuri. Android imesimama juu ya kerneli ya Linux. Weka apu ya Termux, inayokupa tamino, yani dirisha la kuandikia amri, andika uname -a uone jina Linux likitokea. Jaribu ls (kuorodhesha faili), cd (kuhama folda), mkdir (kuunda folda), chmod (kubadilisha ruhusa). Halafu andika ps, utaona prosesi zako chache tu, za apu zingine huzioni, na hapo ushajifunza somo zima la ulinzi bila mwalimu: Android huipa kila apu utambulisho wake kama mtumiaji tofauti, ili apu ya tochi isiende kuchungulia ya benki.

Lazima nijue C? Na hesabu?

Kuelewa, la. Kuandika kerneli, ndio, C ndo lugha yenyewe ya kuandikia programu hizo, Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973 na Linux mpaka sasa ni C kwa sehemu kubwa, ingawa lugha nyingine, Rust, ishaanza kuingia. Hesabu ni za kawaida, vipeo vya 2 na kuhesabu kwa namba mbili tu, 0 na 1.

Kingereza changu si kizuri, maneno yanipita.

Hili nalisikia kwa watu wenye akili sana na linaniuma. Wazo si la Kingereza. Kama umeelewa dele, shelfu na stoo, na mikokoteni, wewe umeshaelewa upangaji zamu, memori pepe na dedloku, kilichobaki ni jina. Nunua daftari dogo, kila neno jipya andika kwa Kingereza, halafu ulieleze kwa maneno ya nyumbani, kama unamweleza bibi yako. Ukishindwa kulieleza ujue bado hujalielewa, rudi nyuma. Usikariri.

Itanichukua muda gani?

Saa moja kila siku, miezi mitatu, misingi utakuwa nayo. Wiki za kwanza kaa na amri za tamino tu mpaka vidole vizoee, halafu prosesi, halafu memori, halafu faili na ruhusa. Ukifika hapo kuna OS ndogo ya kusomea kutoka chuo cha MIT, Marekani, inaitwa xv6, ni fupi kiasi cha mtu mmoja kuweza kuisoma yote, na siku utakapobadilisha mstari mmoja ndani yake, uiwashe, uone imewaka na mabadiliko yako, njoo uniambie. Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo.